Laikeni planasi ya kinywa: dawa za kupaka, ipi inafanya nini

Mama mmoja alitupigia simu wakati wa kipindi chetu cha afya akiwa shambani, upepo unasikika nyuma yake. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Wanangu, huu mwaka wa tatu sijala pilipili, na hata chai naisubiri ipoe. Mashavu kwa ndani yana michirizi myeupe, fizi nyekundu zinachubuka. Nimepakwa zambarau, nimepewa dawa ya fangasi mara nne, nimepima Ukimwi mara tatu na sina. Juzi kijana wa dukani ameniuzia tyubu ya ngozi, akasema nipake humohumo mdomoni. Nipake au nisipake?"

Siku ile hatukuwa na jibu kamili. Tulimwomba asipake kwanza, aende hospitali yenye daktari wa kinywa na meno, nasi tukaahidi kutafuta maelezo. Baada ya hapo ziliingia simu nyingine za namna hiyo, nyingi za kina mama wa umri wa kati, na karibu wote walikuwa na tyubu fulani mkononi waliyouziwa bila kupimwa. Makala hii ndiyo ile ahadi. Ihifadhi kwenye simu yako, kwa sababu ni ndefu kuliko tunavyoweza kusema hewani.

Tutangulize jambo moja ili usisome ukitarajia lisilokuwepo: hakuna dawa ya kupaka inayoumaliza ugonjwa huu moja kwa moja. Zote zinatuliza. Ukilinganisha dawa hizi, mara nyingi utaona kwamba kilichomsaidia mgonjwa si jina la dawa peke yake, bali kupimwa vizuri kabla ya kuanza na kujua namna ya kuipaka ikae.

Ugonjwa wenyewe

Laikeni planasi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanaushambulia utando wa ndani ya kinywa kama vile ni adui. Utando unavimba, unakuwa mwekundu, sehemu nyingine unachubuka na kuacha kidonda. Kwa nini askari hao wanaanza vita hiyo haijulikani kwa wagonjwa wengi. Daktari wa Uingereza aitwaye Erasmus Wilson ndiye aliyeueleza na kuupa jina mwaka 1869. Laikeni ni vile vibaka vya kijivu vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti, navyo vilimkumbusha alichokiona kwenye ngozi za wagonjwa.

Unawapata zaidi watu wazima wa miaka 30 na kuendelea, wanawake kuliko wanaume. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mzima 1 katika kila 100 duniani anao, hivyo kwenye kijiji kikubwa huenda wapo kadhaa, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Alama yake kubwa ni michirizi myeupe iliyopishana kama wavu au lesi, ndani ya mashavu, mara nyingi pande zote mbili. Wapo wenye michirizi tu bila maumivu yoyote. Hao kwa kawaida hawahitaji dawa, wanahitaji kuangaliwa tu. Wanaoteseka ni wale ambao pamoja na michirizi wana sehemu nyekundu au vidonda. Pilipili, ndimu, nyanya, chai ya moto, hata dawa ya meno, vyote vinawachoma. Kwa wengine ugonjwa unakaa kwenye fizi tu, zikawa nyekundu na kumenyeka, mtu akaogopa kupiga mswaki, uchafu ukaganda kwenye meno, na fizi zikazidi kuwaka.

Hauambukizi. Si ugonjwa wa zinaa. Hautokani na kula sahani moja, kunywa kikombe kimoja au kulala na mwenzako. Tunasema hivi kwa sauti kubwa kwa sababu zaidi ya msikilizaji mmoja ametueleza kwamba ametengewa kikombe chake nyumbani.

Kupimwa kunatangulia

Si kila cheupe mdomoni ni fangasi, na si kila michirizi ni laikeni planasi. Utando wa fangasi kwa kawaida ukiufuta kwa kitambaa unatoka na kuacha wekundu chini yake, wakati michirizi ya laikeni planasi haifutiki. Lakini usikimbilie kujipima mwenyewe kwa njia hiyo. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na yapo mabaka meupe yasiyofutika ambayo ni dalili za mwanzo za saratani, hasa kwa wavutaji sigara na watumiaji wa ugoro au tambuu.

Ndiyo maana daktari anaweza kuomba kukata kinyama kidogo cha kupima. Wengi wanaliogopa neno hilo. Kinachofanyika ni kuchomwa ganzi, kukatwa kipande kidogo, pengine kushonwa nyuzi moja au mbili, kisha kipande kinapelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa kwa sababu si kila hospitali ina maabara hiyo. Kukatwa kipande hicho hakusababishi saratani na hakuieneze. Hii imani tumeisikia sana, na imewafanya watu wachelewe.

Daktari atauliza pia dawa nyingine unazotumia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za kisukari, za malaria, na za maumivu za jamii ya ibuprofeni zinaweza kuleta michirizi inayofanana kabisa na ya ugonjwa huu. Vivyo hivyo jino lililozibwa kwa madini yale ya rangi ya fedha linaweza kuchokoza shavu linalogusana nalo. Hapo tiba si ya kupaka, ni kubadilisha chanzo. Ila usiache kumeza dawa ya presha kwa uamuzi wako, mwache aliyekuandikia aamue.

Kama hospitali iliyo karibu nawe haina daktari wa kinywa na meno, muulize mtabibu wa ngozi. Ugonjwa huu hutokea pia kwenye ngozi, vipele bapa vya rangi ya zambarau vinavyowasha, hasa kwenye viwiko vya mkono na miguu, na kwenye ngozi nyeusi vinaacha madoa meusi. Kwa hiyo watu wa ngozi wanaufahamu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha watabibu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa kwenye mikoa mingi.

Steroidi za kupaka, zinazoanza

Karibu kila mahali duniani dawa ya kwanza kwa wenye maumivu ni steroidi ya kupaka. Kazi yake ni kuwapoza wale askari wa mwili pale pale walipo. Ziko za nguvu tofauti, na hapa ndipo kijana wa dukani anapokosea.

Triamsinoloni ya nguvu ya asilimia 0.1 ni ya nguvu ya kati. Uzuri wake ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya kinywa: iko kwenye bandiko zito linalonata kwenye utando wenye mate. Ukiiona ina chembechembe kidogo kama unga uliokorogwa, usidhani imeharibika, ndivyo ilivyo. Inafaa kidonda kimoja au viwili unavyoviona na kuvifikia kwa kidole. Kwa mtu ambaye kinywa kizima kinawaka ni vigumu kuipaka kila mahali.

Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Kina dada wanaojichubua kwa mkorogo wanaijua hata kama hawajui jina lake, maana mara nyingi ndiyo imo humo, ingawa steroidi hairuhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania. Madaktari wanaitumia kwa laikeni planasi iliyo kali, na inafanya kazi. Shida ni umbo lake. Tyubu nyingi zinazouzwa ni krimu au mafuta ya ngozi, na boksi limeandikwa kwa matumizi ya nje tu. Mafuta hayanati kwenye mate, yanateleza, unayameza. Daktari anayeiandika huangalia jeli badala ya mafuta, au huomba mfamasia aichanganye na lile bandiko linalonata, na humweleza mgonjwa kiasi na muda. Tyubu hiyohiyo bila maelezo hayo ni kitu kingine.

Na zipo zile tyubu za mchanganyiko zilizojaa madukani: steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, tatu ndani ya moja. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ngozi. Mdomoni unaweka dawa mbili usizozihitaji ili upate moja, na hiyo moja hujui ni kiasi gani. Yule mama aliposoma boksi lake simuni, herufi moja moja, ilikuwa ni hiyo.

Njia ya tatu ni kusukutua. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeenea mashavu, ulimi na fizi, maji yanafika kila kona ambako kidole hakifiki. Uingereza, kwa mfano, madaktari wa meno huandika kidonge cha betamethasoni cha miligramu 0.5 kinachoyeyuka, kikorogwe kwenye maji ya mililita 10 hivi, yaani vijiko viwili vidogo vya chai. Mgonjwa anakaa nayo mdomoni dakika chache, kisha anatema. Kwingine hutumika deksamethasoni ya maji. Faida yake ni wepesi wa kutumia, na kwa kawaida bei yake haitishi. Sharti lake ni moja: kutema, si kumeza. Steroidi inayomezwa kila siku kwa miezi inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inaulegeza mwili usitengeneze steroidi yake wa asili. Na vidonge hivi, hata kama jirani anavyo nyumbani, kiasi chake kwenye maji anapanga daktari.

Ushahidi ukoje? Mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, ambao kazi yake ni kupima tafiti za tiba kama zinaaminika, ulitoa uchambuzi mwaka 2020 uliokusanya majaribio 35 ya steroidi kwa ugonjwa huu. Ulisema steroidi za kupaka huenda zinapunguza maumivu kuliko dawa isiyo na kitu ndani, lakini majaribio yaliyolinganisha hivyo ni machache na ya watu wachache, kwa hiyo uhakika ni mdogo. Usishtuke. Maana yake si kwamba hazifanyi kazi, maana yake ni kwamba madaktari wanategemea zaidi uzoefu wa miaka mingi kuliko tafiti kubwa. Sisi tunaona ni afadhali msikilizaji alijue hilo kuliko kuambiwa "hii inaponya asilimia mia" na mtu anayeuza.

Madhara ya karibu zaidi ni fangasi. Steroidi inapowalaza askari, ukungu unaota. Ukiona katikati ya matibabu kinywa kimeanza kuchoma upya na kuna utando mweupe unaofutika, rudi hospitali. Mara nyingi utapewa nistatini ya maji au jeli ya mikonazoli, na huenda usilazimike kuacha steroidi. Anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kupewa mikonazoli, kwa sababu zikikutana damu inaweza kutoka ovyo, hata kama ni ya kupaka tu. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema pia.

Namna ya kupaka

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu tumesikia watu wakisema "dawa imeshindwa" kumbe dawa haikukaa mdomoni hata dakika mbili.

Kula kwanza, piga mswaki, suuza kwa maji. Nawa mikono. Chukua kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kukauka juani, au pamba safi, ugusishe taratibu pale penye kidonda mpaka mate yakauke. Usifute kwa nguvu. Chukua dawa kiasi cha punje ya mchele au njegere ndogo kwa sehemu moja. Kama ni lile bandiko la triamsinoloni, ligusishe tu mpaka libaki kama utando laini. Ukilisugua linakatika na kuwa kama mchanga, halinati tena. Kama ni jeli, ipake nyembamba. Kisha usile wala usinywe kwa nusu saa. Mate yakijaa, yateme.

Wakati bora kuliko yote ni unapoingia kulala, kwa sababu usiku mate yanapungua na hakuna kuongea wala kula. Daktari akisema mara mbili au tatu kwa siku, moja kati ya hizo iwe ya usiku. Kwa ugonjwa wa fizi, baadhi ya hospitali hutengeneza kifuniko cha plastiki kinachofuata umbo la meno. Dawa inawekwa ndani, kifuniko kinavaliwa muda mfupi, na dawa inakaa juu ya fizi bila kuoshwa. Si kila mahali wanatengeneza, lakini kuuliza si kosa.

Usitegemee kesho yake kula kachumbari. Nafuu inahesabiwa kwa wiki. Ikija, usiache ghafla. Kawaida daktari anashusha: kutoka mara tatu hadi mbili, hadi moja, hadi siku moja moja. Ugonjwa ukiamka tena, na mara nyingi unaamka, unarudia. Hilo si kosa lako, ndiyo tabia yake.

Takrolimasi, zamu ya pili

Takrolimasi ilipatikana Japani mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongoni, na ilianza kama dawa ya watu waliopandikizwa figo au ini. Kama mafuta ya kupaka, ya asilimia 0.03 au 0.1, inazuia askari wa mwili kwa njia tofauti na steroidi. Ndugu yake ni pimekrolimasi, krimu ya asilimia 1.

Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 40: nusu walipaka takrolimasi, nusu triamsinoloni, kwa wiki 6. Walioboreka walikuwa wengi zaidi upande wa takrolimasi. Lakini baada ya kuacha, wengi wa walioboreka pande zote mbili walirudiwa na ugonjwa ndani ya wiki 3 hadi 9. Ule uchambuzi wa Cochrane nao ulisema takrolimasi huenda inaondoa maumivu zaidi ya steroidi, ila ushahidi ni dhaifu sana, na kuhusu kupona kwa vidonda tafiti zinapingana.

Ikiwa ina nguvu hivyo, kwa nini isianze yenyewe? Sababu ya kwanza ni kwamba inachoma inapopakwa, hasa siku za mwanzo. Ya pili ni onyo. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maandishi ya tahadhari kwenye maboksi ya takrolimasi na pimekrolimasi za kupaka, kwa sababu kulikuwa na taarifa chache za saratani kwa watumiaji, ingawa haikuthibitishwa kwamba dawa ndiyo iliyozisababisha. Kwa kuwa laikeni planasi yenyewe ina hatari ndogo ya saratani, madaktari wengi hawataki kuianza bila kujaribu steroidi, na wakiiandika wanataka kumwona mgonjwa mara kwa mara. Ya tatu ni mfuko: ni ghali, na nje ya miji mikubwa utaitafuta sana. Ukiandikiwa, usisikie kwamba umepewa kitu kibaya. Ni dawa ya mtu ambaye steroidi zimemshinda au zinamletea fangasi kila mara.

Mshubiri na vya nyumbani

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni la alovera, na safari hii jibu si la kukatisha tamaa. Mwaka 2008 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 54. Nusu walipewa jeli ya alovera, nusu jeli isiyo na dawa, kwa wiki 8. Waliopata nafuu nzuri upande wa alovera walikuwa 22 kati ya 27, upande wa pili alikuwa mmoja tu. Jaribio ni dogo, lakini tofauti ni kubwa. Kwa mwenye ugonjwa wa wastani anayeogopa steroidi, au anayepumzika baada ya dozi, ni jambo la kuzungumza na daktari.

Hata hivyo jeli ya jaribio lile iliandaliwa maalumu. Ukikata jani, kuna utomvu wa njano chini ya ganda, mchungu, unaoharisha. Huo si wa kupaka kinywani wala kumeza. Inayotumika ni nyama ile nyeupe ya katikati baada ya utomvu kumwagika na jani kuoshwa. Na mshubiri wa porini si lazima uwe aina ileile. Afrika Mashariki ina mishubiri mingi, na baadhi ina sumu. Usichume porini ukapaka mdomoni kwa kufananisha majani.

Manjano nayo imejaribiwa. Watafiti wa Iran walilinganisha bandiko la kiini cha manjano na triamsinoloni, wakachapisha mwaka 2015 kwamba hawakuona tofauti kubwa. Ila kiini hicho kilikuwa kimechujwa. Manjano ya sokoni ina kiini kidogo tu, na hujui imechanganywa na nini. Iache kwenye mchuzi.

Dawa ya zambarau ni hadithi nyingine. Inaua fangasi, ndiyo maana wazee wetu waliiamini, lakini haitulizi ugonjwa huu, inaweza kuchubua utando, na rangi yake inafunika kile daktari anachotaka kukiona. Mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada ilitahadharisha kwamba inaweza kuongeza hatari ya saratani. Kusugua kwa chumvi na ndimu, au kukwangua michirizi kwa kijiti, ni kuongeza moto: ugonjwa huu una tabia ya kuota pale panapojeruhiwa.

Jeli ya ganzi ya lignokeini, au maji ya kusukutua ya benzidamini, yanapunguza maumivu kwa muda mfupi kabla ya kula. Hayatibu. Ukipaka ganzi kula taratibu, usije ukajing'ata au kujiunguza bila kusikia.

Chakula na mswaki

Uji uliopoa, mtindi, ndizi za kupika, ugali laini na mlenda vinapita bila kukwaruza. Mahindi ya kuchoma, miwa, maembe mabichi na samaki wa mifupa midogo vinachokoza. Tumbaku na pombe kali ziache.

Mswaki uwe laini, na usiache kupiga hata fizi zikiuma. Dawa za meno zenye povu jingi zina sabuni iitwayo sodiamu laurili salfeti inayowachoma wengi wenye ugonjwa huu. Ukipata isiyo nayo ni vizuri, usipoipata tumia kidogo sana na suuza mara mbili. Jino lenye ncha kali au meno ya bandia yasiyokaa vizuri yarekebishwe, kwa sababu mikwaruzo yake inakuwa kama kuni.

Kuangaliwa kila baada ya miezi

Kati ya watu 100 wenye laikeni planasi ya kinywa, karibu 1 anaweza kupata saratani ya kinywa katika miaka inayofuata. Maana yake 99 hawataipata. Lakini hakuna ajuaye yeye ni nani, kwa hiyo daktari atataka kukuona kila miezi 6 hadi 12, hata kama huumwi. Usingoje tarehe hiyo ukiona uvimbe mgumu, kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki tatu, damu inayotoka yenyewe, jino lililolegea bila sababu, ulimi kuwa mzito, au tezi shingoni.

Simu yako ina msaada hapa. Simama penye mwanga wa jua asubuhi, mtu wa nyumbani akupige picha ndani ya shavu, kila upande, mara moja kila mwezi. Daktari ambaye hajawahi kukuona ataweza kulinganisha. Na ukienda, beba kila tyubu na kila boksi, hata lile tupu. Majina tuliyoandika hapa tumeyaandika kwa Kiswahili, kwenye boksi yako kwa Kizungu na herufi zinatofautiana kidogo, hivyo onyesha boksi badala ya kutaja. Angalia tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa.

Yule mama alitupigia tena baada ya miezi kama minne. Alikatwa kinyama, majibu yakasema ni laikeni planasi. Tyubu ya mchanganyiko aliiacha. Alipewa triamsinoloni ya kubandika usiku, na ya kusukutua asubuhi. Wiki ya tatu akapata fangasi, akapewa nistatini, akaendelea. Pilipili bado hali, na fizi za upande wa kushoto bado zinamsumbua siku za baridi. Chai anaikunywa ya uvuguvugu pamoja na wengine, na kile kikombe alichotengewa mkwewe amekirudisha kabatini. Kliniki amepangiwa kurudi baada ya miezi 6.